Karatasi za Malisho Yako Ziko Ofisi Gani?

Somo kwa kaya za wafugaji: kutafuta na kuomba kumbukumbu katika ofisi za serikali za mitaa



Ng'ombe wako unawajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Unajua lambo lipi hukauka kwanza na bonde lipi hubaki na majani mwezi wa kumi. Sasa jiulize: malisho ya kijiji chako ni ekari ngapi kwenye karatasi? Yanapakana na nani? Ni mkutano upi uliyapitisha, na tarehe gani? Karatasi hiyo iko ofisi gani, na wewe mwenyewe umewahi kuiona?

Wafugaji wengi hujibu maswali mawili ya kwanza kwa kumbukumbu ya wazee, na mengine hawana jibu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Malisho nayo ni mali. Kipeperushi hiki kinakueleza kumbukumbu zipi zinahusu ardhi na mifugo yako, ziko ofisi gani, unaziomba vipi, na ufanye nini ukikataliwa. Wasomee na wasiojua kusoma pale bomani.

KWA NINI KARATASI NI MUHIMU

Mkoa wetu wa Morogoro umelipa gharama kubwa kwa mipaka isiyoeleweka. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Bonde la Mgongola, wilayani Mvomero, limegombaniwa kwa miaka mingi kati ya wafugaji wa Kambala na wakulima wa vijiji jirani. Mgogoro wa ardhi wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere, Kilosa, ulifika hadi Mahakama ya Rufani.

Jambo likishafika kwa mkuu wa wilaya au mahakamani, maswali huwa yaleyale: mpaka uko wapi, nani alikubali, na iliandikwa wapi? Mzee anayeukumbuka mpaka husikilizwa, lakini upande wa pili nao una mzee wake. Cheti, ramani na muhtasari wa mkutano ndivyo vinavyobaki mezani. Ni heri kuvitafuta wakati wa amani, kabla ya ng'ombe kukamatwa au mtu kuumia.

Wapo wafugaji waliofaidika na karatasi. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kutumia malisho kwa pamoja. Eneo hilo likaitwa OLENGAPA, jina lililotokana na majina ya vijiji hivyo. Makubaliano yaliandikwa, ramani ikachorwa, na wafugaji wakapewa hati za hakimiliki ya kimila kwa jina la chama chao. Anayetaka kulima pale leo hakutani na maneno matupu ya wafugaji. Anakutana na hati.

HAKI YAKO KISHERIA

Unapoomba kumbukumbu huombi hisani. Unatumia haki iliyoandikwa.

• Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi.

• Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizoko katika ofisi za umma za Tanzania Bara, zikiwemo za serikali za mitaa. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Ikikunyima, ikupe sababu kwa maandishi.

• Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Inatakiwa pia kutunza daftari la ardhi ya kijiji na kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi mbele ya mkutano mkuu.

• Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwanamke na mwanamume, mfugaji na mkulima. Hutakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa.

USIANZIE MSAMVU

Shida ikitokea, wengi huuza mbuzi wapate nauli, wakashuka Stendi ya Msamvu na kuchukua bodaboda moja kwa moja hadi ofisi za mkoa. Jioni hurudi stendi mikono mitupu, wameambiwa: "Faili hilo haliko hapa, nenda wilayani kwenu." Ukifika wilayani unaambiwa uanze kijijini. Nauli imekwisha na wiki imepita.

Kumbukumbu hukaa pale zilipotengenezwa. Kwa hiyo jua kwanza karatasi unayoitaka ni ya ofisi ipi.

Kijijini, kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti:
• cheti cha usajili wa kijiji na cheti cha ardhi ya kijiji;
• ramani ya mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi;
• daftari la ardhi ya kijiji;
• mihtasari ya mkutano mkuu na ya halmashauri ya kijiji;
• sheria ndogo za kijiji;
• taarifa za mapato na matumizi, na vitabu vya stakabadhi;
• daftari la wakazi. Hakikisha kaya yako imo, hata kama vijana wako mbali na mifugo.

Katani, kwa Afisa Mtendaji wa Kata na Afisa Mifugo:
• mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata;
• kumbukumbu za chanjo, uogeshaji, utambuzi wa mifugo na matukio ya magonjwa.

Halmashauri ya wilaya, kwa Mkurugenzi Mtendaji:
• bajeti, ikiwemo fedha za majosho, malambo, chanjo na minada;
• sheria ndogo za halmashauri na viwango vya ushuru;
• nakala za mipango ya matumizi ya ardhi na ramani za vijiji, kwa afisa ardhi;
• mihtasari ya Baraza la Madiwani;
• taarifa za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Akina mama na vijana wa bomani wanayo haki ya kuuliza masharti yake na vikundi vilivyopata.

Mkumbuke pia kwamba Mvomero, Kilosa, Gairo, Malinyi na Ulanga kila moja ina halmashauri yake. Hata Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro na Manispaa ya Morogoro ni ofisi mbili tofauti. Ukikosea mlango, siku imepotea.

Mkoani na taifani:
• Migogoro inayogusa wilaya mbili huangaliwa na Ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Hati zilizosajiliwa na ramani za upimaji huulizwa katika ofisi ya ardhi ya mkoa.
• Mipaka ya hifadhi hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kama unachunga karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, au chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, omba usomewe tangazo lenyewe na uoneshwe ramani. Usitegemee alama za njiani peke yake.
• Nyaraka za zamani hutunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa nyaraka za serikali kufunguliwa kwa umma.

Hapa Msamvu pana faida moja: ukishamaliza kijijini na wilayani, na ukawa na nakala ya barua yenye muhuri, safari ya mkoani huwa na maana. Unaingia ofisini ukiwa na kitu cha kuonesha.

MFANO WA KUSOMA MPANGO WA ARDHI

Tuchukue mfano. Kijiji kina bonde ambalo wafugaji hulitunza kama alalili. Hakuna anayechunga pale masika, ili ndama na wanyonge wapate majani kiangazi. Kila mtu anajua hivyo. Siku moja anakuja mgeni na trekta, anasema amepewa ekari zake na kijiji.

Kabla ya kupiga yowe, tafuteni mambo matatu kwenye karatasi.

Kwanza, mpango wa matumizi ya ardhi. Ardhi ya kijiji hugawanywa katika ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa na kutumiwa na watu au kaya, na ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Kama bonde limeandikwa malisho, ni ardhi ya pamoja, na halmashauri ya kijiji haiwezi kulikata vipande na kuwagawia watu binafsi. Kama limeandikwa akiba, hapo pana hatari, hata kama mababu walichunga pale. Karatasi haijui kwamba ni alalili mpaka mtu aiandike.

Pili, muhtasari wa mkutano mkuu. Je, mkutano ulikubali mgeni apewe? Tarehe ngapi? Walihudhuria wangapi, na saini zao zipo? Muhtasari wa halmashauri ya kijiji peke yake hautoshi.

Tatu, daftari la ardhi. Je, jina la mgeni limeandikwa humo, na kwa ekari zipi?

Majibu ya maswali haya ndiyo yanayowaonesha njia. Kama mkutano haukukaa, mna hoja nzito ya kupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kama mkutano ulikaa na wafugaji hawakwenda kwa sababu walikuwa malishoni, mmejifunza kwamba kila boma lazima liwe na mtu mkutanoni. Kama bonde liko kwenye akiba na bado halijagawiwa, ombeni ajenda kwenye mkutano ujao ili mpango urekebishwe na bonde liandikwe malisho. Hilo linahitaji kura, na kura ni za wakulima na wafugaji pamoja. Anzeni kuzungumza na majirani mapema.

HATUA ZA KUOMBA

1. Andika ombi moja kwa jambo moja. Usiseme "naomba taarifa zote za ardhi." Sema "naomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliojadili malisho ya bonde fulani, mwaka fulani." Ombi lililo wazi ni gumu kulikwepa.

2. Omba kuona kwanza. Mara nyingi mtendaji atakuruhusu kusoma hapohapo ofisini. Nenda na kijana anayesoma vizuri, aandike namba ya faili, tarehe na kurasa.

3. Ukitaka nakala, peleka barua mbili zinazofanana. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na jina la aliyeipokea, kisha urudi nayo. Bila muhuri huo huna ushahidi kwamba uliomba.

4. Kama hujui kuandika, au una ulemavu unaokuzuia kuandika, sheria inakuruhusu kuomba kwa mdomo. Afisa anatakiwa kuliandika ombi lako na kukupa nakala.

5. Beba kitambulisho cha Taifa au kitambulisho kingine kinachokubalika, maana haki hii ni ya raia.

6. Uliza gharama. Ofisi inaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala. Lipa na udai stakabadhi. Anayekudai fedha ya chai ili akuoneshe daftari la kijiji chako anaomba rushwa. Taarifa hutolewa TAKUKURU, simu ya bure 113.

7. Hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya muhuri. Katikati, pita ofisini mara moja kuulizia kwa heshima. Salamu na upole hufungua makabati mengi kuliko makelele.

MFANO WA BARUA

Jina: ……………………
Kitongoji na kijiji: ……………………
Simu: ……………………
Tarehe: ……………………

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ……………………

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kijiji cha ……………………

YAH: OMBI LA NAKALA YA MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI WA KIJIJI CHA ……………………

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi na mfugaji wa kijiji kilichotajwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa nakala za kumbukumbu zifuatazo:

1. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji pamoja na ramani yake.
2. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mpango huo.

Nipo tayari kulipia gharama za kunakili na kupewa stakabadhi. Iwapo sehemu yoyote haiwezi kutolewa, naomba nijulishwe kwa maandishi pamoja na sababu.

Natanguliza shukrani.

Saini au dole gumba: ……………………

Kama shida yako inamhusu mtendaji mwenyewe, andika moja kwa moja kwa mkurugenzi. Barua ya watu kumi wenye saini, wakiwemo wanawake na laigwanani, ina uzito kuliko ya mmoja.

NG'OMBE WAKIKAMATWA

Hapa ndipo mfugaji hupoteza fedha nyingi kwa kutouliza. Ukitozwa faini au ushuru, uliza mambo manne, na jibu uliandike:

• Ni sheria ndogo ipi, na kifungu gani? Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka ipitie kwenye mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.
• Kiwango kilichoandikwa ni kiasi gani kwa kichwa?
• Ng'ombe waliohesabiwa ni wangapi, na nani alihesabu?
• Stakabadhi iko wapi? Fedha ya halmashauri hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi lazima itoke. Fedha iliyopokelewa mkononi bila karatasi haitaonekana kwenye hesabu yoyote.

Kama mifugo yenu imeharibu mazao ya jirani kweli, lipeni fidia, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Karatasi hiyo inamlinda mkulima aliyepata hasara, na inakulinda wewe usidaiwe mara ya pili.

UKIKATALIWA AU USIPOJIBIWA

Yapo mambo ambayo ofisi inaruhusiwa kuyazuia: yanayohusu usalama wa Taifa, uchunguzi unaoendelea, siri za biashara na mambo binafsi ya mtu mwingine. Usitegemee kupewa, kwa mfano, taarifa za matibabu ya jirani. Lakini mpango wa ardhi wa kijiji chako, sheria ndogo na taarifa ya mapato na matumizi si siri.

Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Ndani ya siku 30 tangu upate jibu hilo, unaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi husika, naye anatakiwa kuamua ndani ya siku 30. Usiporidhika, sheria imeweka njia ya rufaa kwa Waziri. Usiifuate njia hiyo peke yako. Muone diwani wako, au msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada huo ni kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili. Unaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Ukishapewa, itumie taarifa kama ilivyo. Usiongeze ekari wala kupunguza jina. Sheria inakataza kupotosha taarifa uliyopewa, na mkutanoni uongo mmoja huharibu ukweli wote.

TUNZA NYUMBANI KWAKO

Ofisi huungua, hunyeshewa, na watendaji huhamishwa. Nakala ya nyumbani ndiyo akiba. Tafuta sanduku la bati au mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uweke humo: nakala za ramani na mihtasari, stakabadhi zote, kadi za chanjo, vibali vya kusafirisha mifugo, hati ya mauziano ya mnadani, na nakala za barua zenye muhuri. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu aliye mbali.

Sanduku likae na mtu asiyehama na mifugo. Katika maboma mengi huyo ni mama. Basi naye aelezwe kila karatasi inahusu nini, maana ng'ombe wanaweza kukamatwa baba akiwa Kilombero na kijana akiwa mnadani.

ZOEZI LA KAYA MWEZI HUU

1. Kaeni jioni, mtaje karatasi zote za ardhi na mifugo mlizonazo. Zipi zinakosekana?
2. Mmoja wenu aende kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji kuuliza: je, kijiji kina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi? Malisho ni ekari ngapi?
3. Ulizeni tarehe ya mkutano mkuu ujao, na mchague nani ataenda hata kama mifugo iko mbali.
4. Mwanafunzi wa nyumbani aandike barua ya mfano hapo juu kwa jina la kijiji chenu, aisome kwa sauti, na wazee waisahihishe.

Kuuliza si ujinga. Kwa maelezo zaidi, muone Afisa Mifugo wa kata yako, uje na kipeperushi hiki na nakala yoyote uliyokwisha kuipata.